Vijana wa Chetambe: ni kweli hakuna kinachobadilika?

Kila maandamano yakiisha mjadala huwa ni uleule. Mmoja anasema vijana wameamka, nchi hii haitakuwa ile tena. Mwingine, mara nyingi mtu mzima aliyevuta vitoa machozi miaka ya tisini, anamjibu: hata sisi tulikuwa hivyo, na ona tulipo. Mnajua sheria ya huu uzi, hatutaji mwanasiasa wa leo wala chama. Lakini huyo mtu mzima nataka tumpeleke mahali, hapa karibu tu na Lugulu, tuone kama anasema kweli.

Ukitoka Webuye kwa barabara ya Kitale unaiona milima ya Chetambe. Wengi wetu tumepita hapo kwa matatu mara mia na hatujawahi kuuliza. Mwaka 1895 Wabukusu walijificha huko ndani ya ngome ya udongo, baada ya kushindwa Lumboka, na jeshi la Waingereza chini ya Charles Hobley likawafuata. Mikuki kwa bunduki. Ngome ilianguka, na Waingereza wakatawala.

Songa mbele miaka hamsini hivi. Kijana wa Kimilili anayeitwa Elijah Masinde, mchezaji mpira mzuri kiasi cha kuchezea timu ya Kenya, muumini wa kanisa la Friends, anakosana na kanisa kwa kuoa mke wa pili. Halafu anakosana na serikali. Vita vya Hitler vimeanza, na kuanzia mwaka 1942 sheria inaruhusu Mwafrika akamatwe kwa nguvu akafanye kazi kwenye mashamba ya walowezi. Kwa watu wa Bungoma hiyo ilimaanisha Trans Nzoia, kule Kitale. Juu ya hiyo kuna amri za kung'oa magugu shambani bila malipo, chifu akisimama hapo na askari wake. Masinde anakataa. Anaanzisha Dini ya Msambwa, dini ya mizimu ya wazee, na kusema wazungu warudi kwao.

Serikali ikafanya nini? Ikamweka Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili. Hebu fikiria hapo kidogo. Mtu anasema usinilazimishe kulima shamba la mwingine, anaambiwa ana wazimu.

Alipotoka mwaka 1947 akaongoza maelfu ya watu kupanda Chetambe kuwakumbuka waliouawa mwaka 1895. Tarehe 10 Februari 1948 umati wa wafuasi ulikutana na polisi Malakisi. Polisi walifyatua risasi, watu 11 wakafa. Dini ikapigwa marufuku mwaka huohuo, Masinde akasafirishwa mpaka Lamu, mwisho kabisa wa nchi. Alirudi nyumbani mwaka 1961.

Sasa sehemu ambayo mtu mzima wetu anaipenda. Uhuru ulikuja 1963. Mwaka 1964 serikali mpya iliruhusu dini hiyo. Mwaka 1968 serikali hiyohiyo, ya watu weusi, ikaipiga marufuku tena. Masinde akaingia na kutoka jela hadi mwisho wa miaka ya sabini, sasa akifungwa na watu waliokuwa wameimba uhuru kama yeye. Alikufa mwaka 1987. Na mashamba ya Kitale? Mengine yaligawanywa kwa miradi ya makazi, mengine yakabaki mikononi mwa shirika la serikali, mengine yakanunuliwa na aliyekuwa na pesa au aliyejulikana na wenye mikopo. Watoto wa waliolazimishwa kulima huko, wengi wao wakabaki maskwota.

Kwa hivyo alishindwa?

Mimi nadhani tunapima vibaya. Angalia madai moja moja. Kukamatwa kwenda kulima kwa mlowezi: kuliisha. Sheria iliyotenga mashamba ya nyanda za juu kwa wazungu pekee: ilikufa kabla hata ya bendera kushuka. Mzungu kurudi kwao: wengi walirudi. Hayo yote yaliombwa yakiwa na jina, na yakaja. Lakini nani apewe shamba mzungu akiondoka, kwa bei gani, na raia akikataa amri ya serikali yake mwenyewe afanywe nini, hayo hayakuwekwa mezani. "Warudi kwao" ilisema nani aondoke. Haikusema nani aketi kwenye kile kiti na afungwe mikono vipi.

Halafu kuna jambo la kumbukumbu. Ushindi ukishapatikana tunausahau, kwa sababu unakuwa maisha ya kawaida. Hakuna mtu Lugulu anaamka asubuhi akishukuru kwamba chifu hajamkamata kwenda kung'oa magugu ya mtu. Kilichobaki kwenye mazungumzo ni kile tulichonyimwa. Ndiyo maana mzee akisema hakuna kilichobadilika hadanganyi, ila amehesabu upande mmoja wa daftari.

Simtetei Masinde kwa kila kitu, hakuwa malaika na alikuwa mgumu hata kwa waliompenda. Na wakati yeye anapigana, kuna wazee waliokaa wakiandika barua za malalamiko na kuchanga pesa za shule. Vijana wa wakati huo waliwaona waoga. Shule bado zipo.

Turudi kwa 2024, maana najua mnangoja hapo. Tarehe 25 Juni vijana waliingia bungeni. Kesho yake muswada wa fedha ukakataliwa kutiwa sahihi. Dai lenye jina, jibu ndani ya saa 24. Kufikia tarehe 1 Julai tume ya taifa ya haki za binadamu ilikuwa imehesabu vifo 39. Desemba, baadhi ya vipengele vya kodi vikarudi kupitia sheria nyingine. Mtu mzima anacheka: si niliwaambia? Lakini angalia pia kwamba safari hii ni tume ya dola yenyewe iliyohesabu maiti hadharani, na Kifungu cha 37 cha katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kuandamana kwa amani bila silaha. Waliouawa Malakisi hawakuwa na karatasi kama hiyo ya kushika. Ni maendeleo ya huzuni, nakubali, na risasi ni ileile.

Wabukusu wana namna yao ya kuhesabu haya. Majina ya rika yanazunguka: Maina, Chuma, Kolongolo, yanarudi baada ya karne hivi. Ukisikia hivyo unaweza kusema basi, hata babu zetu waliamini historia inajirudia. Lakini ndani ya kila rika, kundi linalotahiriwa mwaka wake hupata jina dogo kutokana na jambo lililotokea wakati huo. Jina kubwa linarudi, dogo ni lao peke yao. Agosti 2024, miezi miwili baada ya bunge kuvamiwa, vijana wa mwaka huo walipita barabarani na njuga zao, wengi wakiwa na simu zilizojaa video za Juni.

Uzi ujao tunaingia kwenye mashamba ya Kitale: nani alinunua na kwa mkopo wa nani. Kama kuka wako aliweka hisa kwenye kampuni ya shamba, itafute ile risiti.