Masasi na Newala: Kutoka Redio hadi Ving'amuzi

Kwa zaidi ya miongo mitatu baada ya Uhuru, wakazi wa Masasi na Newala walipata taarifa za Serikali kwa redio. Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Mwalimu Nyerere aliiona kuwa anasa kwa nchi yenye mahitaji makubwa zaidi. Zanzibar ilikuwa nayo, tena ya rangi, tangu miaka ya mwanzo ya 1970.

Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua milango kwa sekta binafsi, na mwaka 1994 ITV, CTN na DTV zilianza kurusha matangazo Dar es Salaam. Hata hivyo, mitambo ya ardhini hurusha mawimbi yanayosafiri kwa mstari ulionyooka. Masasi ipo zaidi ya kilomita 500 kwa barabara kutoka jijini, imezungukwa na vilima vya mawe. Newala ipo ukingoni mwa uwanda wa Makonde, ikitazama bonde la Mto Ruvuma. Antena ya kawaida juu ya paa, hata iinuliwe vipi, isingeweza kunasa picha ya Dar es Salaam. Bila kituo cha kurushia jirani, kilichobaki ni dishi, na dishi lilihitaji fedha na umeme.

Televisheni ya Taifa, TVT, ilizinduliwa mwaka 2000 wakati wa Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi. Baadaye ikawa TBC1. Kuhusu umeme, nafuu ilikuja gesi ya Mnazi Bay ilipoanza kuzalisha umeme mjini Mtwara.

Uzimaji wa mitambo ya analojia ulianzia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 na kuendelea mikoani kwa awamu. King'amuzi kikawa cha lazima. Agosti 2018, TCRA ilipoelekeza chaneli za bure ziondolewe katika ving'amuzi vya satelaiti visivyo na leseni ya kuzibeba, walioguswa zaidi ni watazamaji wa maeneo yasiyofikiwa na mitambo ya ardhini, ambao hawakuwa na njia nyingine ya kuzipata. Baadaye utaratibu ulirekebishwa, chaneli hizo zikarejea.

Mwananchi anayenunua king'amuzi msimu huu wa korosho anashauriwa kuuliza kwanza iwapo ni cha antena au cha dishi, na iwapo mawimbi ya ardhini yanafika kijijini kwake.