Fyuzi na breka: kinga ya duka, mashine na lori dhidi ya umeme uliozidi

Kambi ya Dzaleka iko wilayani Dowa, kiasi cha kilomita 40 kaskazini mwa Lilongwe. Ilifunguliwa mwaka 1994 katika eneo lililowahi kuwa gereza, ikikusudiwa watu 10,000 hadi 12,000. Sasa ina zaidi ya watu 50,000, wengi wakiwa Wakongo, Warundi na Wanyarwanda, na Kiswahili ni moja ya lugha kuu za soko lake. Mwaka 2023 serikali ya Malawi iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini, Lilongwe ikiwemo, warejee kambini.

Katika soko lililobanana, laini moja ya umeme inaweza kugawanywa kwa fremu kadhaa: kinyozi, duka la vinywaji baridi, fundi wa kuchomelea na mchaji wa simu. Waya mmoja ukiungua, moto huvuka ukuta hadi kwa jirani, na mali iliyomo dukani mara nyingi haina bima. Kinga ya kwanza ni kifaa kidogo cha bei nafuu, yaani fyuzi au breka. Hata hivyo, kifaa hicho husaidia pale tu ukubwa wake unapolingana na waya.

Fyuzi na breka hulinda nini?

Wengi hudhani breka imewekwa kulinda friji au televisheni. Kazi yake hasa ni kulinda waya. Umeme ukipita kwenye waya huzaa joto, na joto hilo hukua haraka kuliko umeme wenyewe. Ampea zikiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Zikiongezeka mara tatu, joto huongezeka mara tisa. Ganda la plastiki hulainika, nyaya hugusana, na moto huanzia darini au nyuma ya shehena ambako hauonekani.

Umeme huzidi kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuzidiwa, yaani vifaa vingi kuwashwa pamoja kwenye waya mmoja. Ya pili ni shoti, pale nyaya mbili zinapogusana na ampea kupanda ghafla hadi mamia au maelfu.

Fyuzi ni kipande cha waya mwembamba kinachoyeyuka na kukata njia, kisha hubadilishwa. Breka ina sehemu mbili ndani yake. Bamba la metali mbili hupinda polepole kwa joto na kukata umeme uliozidi kidogo, na koili ya sumaku hukata shoti papo hapo. Baada ya tatizo kuondolewa, breka hurudishwa kwa kidole.

Hesabu ya duka moja

Umeme wa majumbani Malawi ni wa volti 230. Kupata ampea, gawanya wati kwa 230.

Chukua mfano wa fremu mbili zinazotumia waya mmoja wa 2.5 wenye breka ya ampea 16. Breka hiyo inabeba wati 3,680. Upande mmoja kuna birika la wati 2,000 na jiko la sahani moja la wati 1,500. Upande wa pili kuna pasi ya wati 1,200 na mashine ya kukaushia nywele ya wati 1,800. Vyote vikiwashwa pamoja ni wati 6,500, yaani ampea 28. Breka itakata baada ya dakika chache, nayo imefanya kazi yake.

Kosa hufanyika hapo. Mwenye duka huchoshwa na breka inayokata kila mara, akanunua ya ampea 40. Umeme haukatiki tena, lakini waya ni uleule. Ukipitisha ampea 28 badala ya 16, unazaa joto mara tatu zaidi, na hakuna kitu cha kuukata. Breka ya ampea 40 inaweza isikate kabisa hadi waya uungue.

Kosa hilo lina ndugu yake wa zamani: kufunga fyuzi iliyoungua kwa waya wa shaba, msumari au karatasi ya pakiti ya sigara. Katika hali zote mbili taa inawaka, lakini kinga imeondolewa.

Waya na breka vinavyolingana

Kwa waya wa shaba uliopitishwa kwenye paipu, vipimo vya kawaida ni hivi:

- Waya wa 1.5: taa, breka ya ampea 6 au 10.
- Waya wa 2.5: soketi, breka ya ampea 16, isizidi 20.
- Waya wa 4: breka ya ampea 25.
- Waya wa 6: jiko au hita ya maji, breka ya ampea 32.

Waya ukipita kwenye dari yenye joto kali au ukifungwa pamoja na nyaya nyingine, uwezo wake hupungua. Waya wa kuongezea soketi ndio kiungo dhaifu kuliko vyote. Nyingi zina waya wa 0.75, unaobeba takriban ampea 6 tu, ingawa zina matundu manne au matano.

Malawi hutumia plagi za pini tatu bapa za Kiingereza, ambazo zina fyuzi ndani. Ya ampea 3 inatosha kifaa kisichozidi wati 700. Ya ampea 13 ni ya pasi, birika na vifaa vikubwa. Redio yenye waya mwembamba haistahili fyuzi ya ampea 13.

Mota na mashine ya kusaga

Mota huvuta umeme mwingi inapoanza, mara sita hivi ya kawaida yake. Mashine ya kusaga ya kilowati 7.5 inayotumia umeme wa laini tatu huvuta ampea 15 ikiwa kazini, lakini inaweza kufikia 90 kwa sekunde chache za kuanza. Ndiyo maana breka huandikwa herufi B, C au D kabla ya namba. B hukata papo hapo umeme ukifika mara 3 hadi 5 ya kiwango chake, C mara 5 hadi 10, na D mara 10 hadi 20. Kwa taa na soketi B inatosha. Kwa mota hutumika C au D, pamoja na rilei ya kulinda mota, kwa sababu laini moja ikikatika mota ya laini tatu huungua.

Umeme unapokatika na kurudi

Januari 2022 kimbunga Ana kiliharibu kituo cha Kapichira kwenye Mto Shire, na Malawi ikapoteza sehemu kubwa ya umeme wake kwa muda mrefu. Baada ya kila mgao, friza zote huanza kwa pamoja na breka nyingi hukata. Dawa ni kuzima vifaa umeme unapokatika na kuviwasha kimoja kimoja ukirudi.

Izingatiwe kuwa breka haizuii volti kupanda au kushuka. Kazi hiyo ni ya stabilaiza. Wala breka ya kawaida haimwokoi mtu aliyeshika waya. Kwa hilo kuna kikata umeme kinachohisi uvujaji wa miliampea 30, na waya wa ardhi uliofungwa vizuri.

Sola na malori

Wanaotumia sola wasifunge breka ya umeme wa kawaida kwenye betri au paneli. Umeme wa gridi hufika sifuri mara 100 kwa sekunde, jambo linalosaidia cheche kuzimika breka inapofunguka. Umeme wa betri haufiki sifuri, hivyo cheche inaweza kuendelea kuwaka ndani ya breka. Nunua iliyoandikwa DC na volti zinazolingana na mfumo.

Kwenye lori la volti 24, inveta ya wati 1,000 huvuta ampea 42 na zaidi. Inahitaji waya mnene, usiopungua 16, na fyuzi ya ampea 60 karibu kabisa na betri. Fyuzi ikiwekwa mbali, kipande chote kabla yake hakina kinga. Fyuzi bapa za magari hutambulika kwa rangi: nyekundu ampea 10, bluu 15, njano 20, kijani 30. Dereva wa njia ya Kasumulu hadi Lilongwe abebe za akiba za kila rangi, na asibandike ya kijani pahali pa nyekundu.

Unaponunua na unapopanga fremu

Breka halali huonyesha ampea, herufi ya aina, volti na uwezo wa kukata shoti, kwa mfano 6000 ndani ya mstatili. Breka nyepesi kupita kawaida, yenye maandishi yanayofutika kwa kidole, itiliwe shaka. Kwaruza ncha ya waya: ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, nayo hubeba umeme mdogo zaidi. Waagizaji wafahamu kuwa Malawi Bureau of Standards hukagua bidhaa zinazoingia nchini.

Kazi ya kufunga nyaya ifanywe na fundi mwenye kibali cha MERA, mamlaka ya nishati ya Malawi. Kabla ya kulipa kodi ya fremu, mpangaji aulize mambo matatu: waya ni wa ukubwa gani, breka yake ni ya ampea ngapi, na ni nani mwingine anayeutumia. Majibu yasipolingana, breka ndogo na waya mpya ni nafuu kuliko shehena moja iliyoungua.