Subira Njiani: Safari ya Wanawake Wawili kwa Pikipiki

Katika parokia zetu wengi wa mapadri na makatekista hufikia vijiji vya mbali kwa pikipiki. Masika njia ni matope. Kiangazi ni mchanga na mawe. Vijana wengine hudhani kwamba ajuaye kuwasha injini na kushika usukani amekwisha kuwa dereva. Kwa sababu hiyo wako waliovunjika miguu, na mgonjwa akamngoja padri bure. Historia yatufundisha njia nyingine.

Tarehe 11 Desemba 1934, wanawake wawili wa Uingereza, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliondoka London kwenda Cape Town. Walikuwa na pikipiki moja tu, Panther ya silinda moja. Ubavuni ilifungwa kiti chenye gurudumu la tatu, na nyuma ilivuta kigari cha mizigo.

Hawakwenda kwa kubahatisha. Wallach alikuwa amesomea ufundi wa mashine, na wote wawili walikuwa wamezoea mashindano ya pikipiki. Lakini ile kasi ya mashindano haikuwafaa kitu katika mchanga wa Sahara. Huko gurudumu likizama, kuongeza moto ni kulizamisha zaidi. Sharti kushuka, kuchimba, kusukuma, na kuanza tena. Kabla ya kufika Agadez injini iliharibika. Hawakukata tamaa: huko Agadez waliifungua na kuiunda upya. Kisha walipita Nijeria, misitu ya Kongo, Uganda, Kenya na Tanganyika, wakafika Cape Town tarehe 29 Julai 1935, baada ya miezi 7 na zaidi.

Mwaka 1939 Wallach alizunguka kiwanja cha Brooklands kwa mwendo wa kilomita zaidi ya 160 kwa saa. Wakati wa vita alipeleka barua za jeshi kwa pikipiki. Baadaye alihamia Marekani, akaandika kitabu cha kufundisha uendeshaji mwaka 1970, na huko Phoenix akafungua shule ya kazi hiyo. Mwenye sifa ya kasi namna hii aliona kwamba pikipiki yataka mwalimu na mazoezi.

Basi, nasi tufanye hivyo. Mwanafunzi aanze uwanjani, bila abiria wala mzigo. Ajizoeze kusimama juu ya vikanyagio, magoti yamelegea, macho yakitazama mbele, si gurudumu. Katika matope asikamate breki ya mbele kwa nguvu. Akiyaweza hayo, aende njia fupi. Mzigo uje mwisho. Hayo si kazi ya siku moja, bali ya majuma mengi.

Haraka haraka haina baraka. Mgonjwa anayengoja Komunyo kijijini hahitaji mjumbe mwenye mbio. Ahitaji mjumbe aliyefika.