Nani Apewe Saa Kumi? Ratiba ya Mpira wa Magongo Makindye na Historia Iliyo Nyuma Yake

Mwanahistoria anayetafuta ushahidi wa michezo katika Afrika Mashariki aghalabu hukimbilia matokeo: nani alishinda, nani alifunga, kombe lilikwenda wapi. Mimi napendekeza tuanze na karatasi nyingine, ambayo kwa kawaida hutupwa msimu ukiisha. Karatasi hiyo ni ratiba. Ratiba haisemi nani alikuwa hodari. Inasema nani alikuwa na uwanja, nani alikuwa na nauli, na nani alikuwa na ruhusa ya kuwa mbali na nyumbani saa fulani ya siku fulani. Nimeufikia mtazamo huu kwa kusoma, lakini zaidi kwa sababu nilijitolea msimu mmoja kupanga mechi za mpira wa magongo za watoto wa Makindye, kazi ambayo hakuna mtu aliyeigombea.

Kwanza historia yenyewe. Mpira wa magongo, au hoki kama tunavyouita Kampala, uliota mizizi Afrika Mashariki kupitia watu waliotoka Bara Hindi: mafundi na makarani wa reli iliyojengwa kutoka Mombasa tangu 1896, wafanyabiashara, na watumishi wa serikali ya kikoloni. Vilabu vya miji yetu viliundwa kwa misingi ya jamii. Wagoa walikuwa na chao, Masingasinga chao, Wazungu chao. Kwa hiyo kabla mtu hajauliza mechi itachezwa saa ngapi, swali la uwanja lilikuwa limekwisha kujibiwa na rangi na dini yake. Kenya ilipeleka timu ya hoki kwenye Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956, na katika Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona 1971, ikashika nafasi ya nne. Tanzania ilicheza Moscow mwaka 1980. Uganda zamu yake ilikuwa Munich, 1972.

Munich inastahili kutuchelewesha kidogo. Timu kumi na sita ziligawanywa katika makundi mawili ya timu nane. Uganda iliwekwa kundi moja na Pakistan na Ujerumani Magharibi, ambazo baadaye zilikutana katika fainali. Timu yetu ilimaliza ya 15. Sisi Waganda tunaikumbuka Olimpiki ile kwa ajili ya John Akii-Bua, aliyeshinda mita 400 kuruka viunzi tarehe 2 Septemba kwa sekunde 47.82, na ni haki tumkumbuke. Lakini tazama tarehe za hoki. Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia tarehe 4 Agosti 1972 na kuwapa siku 90. Michezo ilifunguliwa tarehe 26 Agosti. Wachezaji wengi wa timu ya hoki ya Uganda walikuwa Waasia. Maana yake ni kwamba walikuwa wakivaa jezi ya nchi huku kalenda nyingine, ya pasipoti na foleni na maduka yanayofungwa, ikiwahesabia siku nyumbani. Ratiba ya Munich yenyewe ilivunjika baada ya shambulio la tarehe 5 Septemba dhidi ya wanamichezo wa Israeli. Michezo ilisimamishwa, na sherehe ya kufunga ikasogezwa kutoka tarehe 10 hadi 11. Siku moja tu. Siku 90 za Kampala hazikusogezwa.

Vilabu vilivyokuwa nguzo ya mchezo vilipoteza watu wake kwa mkupuo. Hoki haikufa, ilibaki katika shule na katika uwanja wa Lugogo, na walioushika mchezo baadaye walikuwa zaidi wanafunzi waliohitimu shule hizo. Ila tangu Munich, Uganda haijapeleka tena timu ya hoki Olimpiki. Uwanja wa Lugogo uko upande wa Nakawa. Makindye, yenye vilima na mitaa yake kuanzia Katwe na Kibuli hadi Ggaba ziwani, haina uwanja wa hoki. Mtoto wa Makindye anayetaka kucheza hoki anacheza kwenye uwanja wa mtu mwingine, na hapo ndipo kazi yangu ilipoanzia.

Tulikuwa na timu nane za watoto wa chini ya miaka 14, mbili kati yake za wasichana watupu. Timu nane, kila moja ikikutana na nyingine mara moja, ni mechi 28 katika raundi saba: hesabu ileile ya kundi la Uganda kule Munich. Kuzipanga kwenye karatasi si kazi ngumu. Kuna mbinu ya duara, inayojulikana kwa wanahesabu tangu karne ya 19: unaifunga timu moja mahali pake, unazizungusha nyingine saba, na kila mzunguko unakupa raundi. Dakika kumi zinatosha. Kisha simu zinaanza kulia.

Shule moja ilitupa uwanja wake Jumamosi kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja, kisha soka inaingia. Jumapili tulipewa saa moja tu, ya saa nane. Basi, mechi tatu Jumamosi na moja Jumapili, kwa wiki saba. Timu moja ilikuwa na watoto wengi wa Kiadventista, ambao Jumamosi ni Sabato yao mpaka jua lizame. Hapa duara lilinisaidia kwa namna iliyonifurahisha mno: timu hiyo ina mechi moja katika kila raundi, na kila raundi ina nafasi moja ya Jumapili. Ikakaa hapo msimu mzima, na kila timu nyingine ikatoka Jumapili mara moja. Kocha wake alinipigia kunishukuru kana kwamba nimempa ardhi.

Furaha hiyo haikudumu. Magongo hayatoshi. Timu mbili zilikuwa zikitumia magongo yaleyale, kwa hiyo zingeweza kucheza na yeyote isipokuwa zenyewe kwa zenyewe, labda timu ya tatu iwaazime. Mavazi ya kinga ya walinda mlango yalikuwa seti mbili kwa timu nane. Mechi moja ikichelewa, inayofuata inamsubiri mtoto avue pedi, nazo zimelowa jasho. Msimu ulianza Machi, na Machi ni mwanzo wa mvua kubwa. Mpira wa hoki kwenye nyasi zilizolowa haubingiriki, unazama. Mwezi wa Ramadhani nao uliingia ndani ya wiki zetu, na timu ya Kibuli, kilima cha msikiti mkubwa, ilikuwa na watoto waliokuwa wakifunga. Kocha wao aliomba mechi ya mwisho ya Jumamosi: wakimaliza saa kumi na moja, kufuturu hakuko mbali.

Tatizo ni kwamba kila mtu aliitaka saa kumi. Saa nane jua ni kali na watoto wengi bado wana kazi za nyumbani. Saa tisa ni afadhali. Saa kumi kuna kivuli, wazazi wamerudi sokoni, na giza bado. Nikapiga hesabu. Raundi saba ni mechi saba za saa kumi, yaani nafasi 14, na timu za Jumamosi ni saba. Kila timu mara mbili. Usawa kamili, nikautuma kwa makocha wote, na kwa jioni moja nilisifiwa.

Asubuhi yake alinipigia mama mmoja anayesimamia timu ya wasichana, muuza matunda.

"Mwanangu, karatasi yako ni nzuri," aliniambia. "Lakini Jumamosi saa nane msichana gani wa mtaa huu yuko huru? Wanafua. Wanalea wadogo zao. Utawapata sita."

"Na saa tisa, mama?"

"Saa tisa utapata wanane. Saa kumi wote."

Wavulana nao hufua, najua. Lakini niliuliza mtaa kwa mtaa na jibu lilikuwa lilelile: mvulana akisema ana mechi, ndoo hupewa dada yake. Kwa hiyo mara mbili kwa kila timu ulikuwa usawa wa wino. Nafasi ileile ilikuwa na thamani moja kwa mvulana na nyingine kwa msichana, na ratiba iliyojifanya haioni tofauti hiyo ingezikabidhi timu mbili kushindwa kabla hazijafika uwanjani. Nikaipanga upya. Kila timu ya wasichana ilipata saa kumi mara nne. Kwa kuwa walikutana wenyewe kwa wenyewe mara moja, kila mechi ya saa kumi ya msimu mzima ilikuwa na timu ya wasichana ndani yake. Zilibaki nafasi sita kwa timu tano. Kila moja ikapata moja, na ya ziada nikaipa Kibuli kwa ajili ya mfungo.

Makelele yaliyofuata sitayaandika yote. Kocha mmoja aliniuliza kama nina dada katika timu hizo. Mwingine alisema kwa upole, "Ssebo, sheria ni sheria, wote ni watoto," na huyu ndiye aliyenipa kazi ya kufikiri, kwa sababu hoja yake si ya kijinga. Nilimjibu kwamba vilabu vya zamani navyo vilikuwa na sheria zilizowatendea wanachama wote sawasawa. Swali lilikuwa nani alifika mlangoni. Hakuridhika. Hata hivyo alileta timu yake.

Aliyemaliza ubishi si mimi bali Waingereza. Mechi za ligi yao zinazoanza saa tisa alasiri kwao huanza saa kumi na mbili jioni kwetu wakati wa baridi yao, lakini Jumapili ya mwisho ya Machi wanasogeza saa zao mbele, na kwetu mechi zilezile zinaanza saa kumi na moja. Kuanzia Jumamosi iliyofuata, wavulana waliopangiwa saa kumi walianza kuchungulia barabarani ifikapo mapumziko, maana vibanda vya video hujaa mapema. Kocha yule wa dada aliniomba, kwa sauti ya chini, nimhamishie saa tisa. Wapangaji wakubwa wana mikasa yao pia: ratiba ya ligi kuu ya besiboli ya Marekani iliandaliwa na mume na mke, Henry na Holly Stephenson, kwa zaidi ya miaka 20 hadi 2004, na naamini nao walipigiwa simu za namna hii, ingawa labda si kwa sababu ya vibanda.

Mechi 27 zilichezwa ndani ya wiki saba. Ya 28, ile ya timu mbili zenye magongo ya pamoja, ilizuiwa na mvua katika raundi ya sita, ikachezwa Jumatano moja ya likizo ya Mei, saa nne asubuhi. Magongo waliazimwa na timu ya wasichana. Wenye magongo walikuja wote kumi na mmoja, wakaketi kandokando ya mstari, wakayahesabu kabla ya mchezo, wakati wa mapumziko, na filimbi ya mwisho ilipolia.