Safari Mbili za Ramani ya Bahari hadi kwenye Skrini

Mwaka 1984, nchini Italia, Giuseppe Carnevali na Fosco Bianchetti walianzisha kampuni ya Navionics na kutoa Geonav, kifaa kinachohesabiwa kuwa chatiplota ya kwanza kwa boti za starehe. Mwenye boti ndogo sasa aliweza kukaa kwenye usukani na kuona, katika skrini moja, mchoro wa pwani pamoja na alama ya chombo chake ikisogea juu yake. Mwaka uliofuata Bianchetti alianzisha C-MAP. Majina hayo mawili, Navionics na C-MAP, hadi leo yamo katika sehemu kubwa ya ramani za kielektroniki zinazouzwa kwa wenye boti duniani.

Anayeingia dukani leo kununua chatiplota huonyeshwa kwanza ukubwa wa skrini, ung'avu wa rangi na bei. Hayo yote yana nafasi yake. Lakini historia ya kifaa chenyewe inataka tuanze na swali jingine, kwa sababu ndani ya sanduku hilo zimefungwa safari mbili tofauti. Moja ni safari ya kujua ulipo. Nyingine ni ya kujua kilichopo chini ya maji hapo ulipo. Ya kwanza imekwenda mbio kwa miaka 60 iliyopita. Ya pili imekwenda polepole kwa zaidi ya miaka 200, na kuna mahali pengi ambapo haijafika. Mnunuzi asiyelijua pengo hilo hununua usahihi ambao ramani yake haina.

Kujua ulipo

Manahodha wa Bahari ya Hindi walishika latitudo kwa kupima kimo cha nyota karne nyingi kabla ya mashine yoyote. Longitudo ndiyo iliyosumbua, mpaka saa ya John Harrison wa Uingereza ilipojaribiwa katika safari ya Jamaica mwaka 1761. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikaleta mifumo ya redio kama Decca na Loran, ambayo ilifanya kazi vizuri pale tu minara yake ilipofika.

Mapinduzi yalianzia angani. Umoja wa Kisovieti ulirusha setilaiti ya Sputnik tarehe 4 Oktoba 1957. Katika maabara ya fizikia ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, vijana wawili, William Guier na George Weiffenbach, walitega redio wakasikiliza mlio wake. Waligundua kwamba jinsi masafa ya mlio huo yalivyopanda na kushuka setilaiti ikipita, ilitosha kukokotoa njia yake yote. Mkubwa wao, Frank McClure, akaligeuza swali: ikiwa njia ya setilaiti inajulikana, je, anayesikiliza hawezi kujua yeye mwenyewe yuko wapi? Kutokana na wazo hilo ukazaliwa mfumo wa Transit, ambao Jeshi la Majini la Marekani lilianza kuutumia mwaka 1964 na raia wakaruhusiwa mwaka 1967. Kasoro yake ilikuwa kusubiri, kwani setilaiti zilikuwa chache, na kati ya kipimo kimoja na kingine ingeweza kupita saa nzima au zaidi huku mkondo ukikisukuma chombo.

Setilaiti ya kwanza ya GPS ilirushwa tarehe 22 Februari 1978. Kila setilaiti ya mfumo huu hubeba saa ya atomiki na kutangaza wakati wake kutoka umbali wa kilomita 20,200 hivi juu ya dunia. Kipokezi hulinganisha mawimbi ya setilaiti nne au zaidi, kisha hukokotoa mahali kilipo. Saa ikikosea kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, jibu hupotoka kwa mita 300.

Ulikuwa mfumo wa kijeshi. Kilichoharakisha njia ya raia ni msiba. Tarehe 1 Septemba 1983 ndege ya abiria ya Korea Kusini, safari namba 007, ilipotea njia na kuingia anga ya Kisovieti, ikatunguliwa. Watu wote 269 waliokuwamo walikufa. Katika mwezi huohuo serikali ya Rais Ronald Reagan ilitangaza kwamba GPS, ikishakamilika, itakuwa wazi kwa raia wa dunia nzima bila malipo.

Geonav ilipotoka mwaka 1984, setilaiti za GPS zilikuwa bado hazitoshi kutoa mahali saa 24, kwa hiyo vifaa vya enzi hiyo vilipokea mahali kutoka mifumo iliyotangulia kama Loran-C. Mwaka 1989 kampuni ya Magellan ilitoa NAV 1000, kipokezi cha kushika mkononi kilichouzwa kwa karibu dola 3,000 za Marekani. Mwaka huohuo Gary Burrell na Min Kao walianzisha kampuni ambayo baadaye ikaitwa Garmin, na bidhaa yake ya kwanza, GPS 100, ilitengenezwa kwa ajili ya vyombo vya baharini. Mwaka 1995 mfumo ulitangazwa kuwa umekamilika.

Hata hivyo jeshi lilikuwa likiharibu kwa makusudi mawimbi yanayotumiwa na raia, hivyo mahali pangeweza kukosewa kwa hadi mita 100. Usiku wa tarehe 1 Mei 2000, kwa amri ya Rais Bill Clinton, uharibifu huo ulizimwa. Kwa usiku mmoja, bila kununua chochote, kila mwenye kipokezi alipata usahihi wa mita 10 hadi 20. Leo mita tano au pungufu ni jambo la kawaida.

Kujua kilicho chini yako

Safari ya pili haikupata usiku kama huo. Uingereza iliunda idara yake ya ramani za bahari mwaka 1795, na mwaka 1822 Kapteni William Owen aliondoka na meli mbili, Leven na Barracouta, kuja kuipima pwani ya Afrika, ikiwamo pwani yetu ya Mashariki. Alirudi kwao mwaka 1826. Homa iliwaua wengi wa maofisa na mabaharia wake. Mjini Mombasa, ambako mwaka 1824 Owen alitangaza ulinzi wa Uingereza, alimwacha luteni kijana aliyeitwa Reitz kuwa msimamizi. Reitz alikufa kwa homa mwaka huohuo, na jina lake limebaki kwenye Port Reitz.

Kazi yao ilifanywa kwa bildi: uzito wa risasi kwenye kamba, ukitupwa kutoka mashuani, kina kikisomwa na kuandikwa, kisha kasia tena hadi mahali pengine. Kila tarakimu ya kina kwenye ramani za zama hizo ni mtupo mmoja wa mkono wa mtu. Kati ya mtupo na mtupo hakuna kilichopimwa. Mwamba wenye ncha ungeweza kukaa katikati, na ramani isiseme neno.

Kulikuwa na tatizo la pili. Wapimaji wa zamani waliijua longitudo kwa saa na nyota, na kila nchi au pwani ilichorwa kwa kipimo chake cha umbo la dunia. GPS hutumia kipimo kimoja kinachoitwa WGS-84. Ramani ya zamani ikiwekwa juu ya kipimo hicho bila kurekebishwa, pwani yote inaweza kuhama kwa mamia ya mita. Skrini itaonyesha boti ikipita salama katikati ya mlango, kumbe iko juu ya tumbawe.

Ramani hizo zilipoingizwa kwenye kompyuta, zilichukua njia mbili. Njia ya kwanza ni kupiga picha karatasi yenyewe. Ukiikuza, herufi zinakuwa kubwa lakini hakuna kinachoongezeka wala kupungua. Njia ya pili ni kuhifadhi kila mwamba, boya na kina kama data peke yake, na programu ikaamua kipi kionekane kulingana na ulivyoikuza. Shirika la kimataifa la upimaji bahari liliweka kiwango cha pamoja cha data hiyo, S-57, katika miaka ya 1990, na njia hii ndiyo iliyoshinda. Marekani ilikamilisha kuziondoa ramani zake za jadi za karatasi mwanzoni mwa mwaka 2025. Uingereza nayo ilitangaza mwaka 2022 nia ya kufanya hivyo, kisha ikasogeza mbele hadi angalau mwaka 2030.

Ila kuihamishia ramani kwenye kompyuta hakukuongeza hata kipimo kimoja cha kina. Mtupo wa bildi wa karne ya 19 unang'aa kwenye skrini kwa rangi ileile ya kipimo cha mwaka jana.

Usiku wa Cargados Carajos

Tarehe 29 Novemba 2014, mashua ya mbio Team Vestas Wind ilikuwa katikati ya Bahari ya Hindi, katika mashindano ya Volvo Ocean Race kutoka Cape Town kwenda Abu Dhabi. Ilikuwa na mabaharia tisa waliobobea na vifaa bora vilivyopatikana. Muda mfupi kabla ya kuondoka, waandaaji walikuwa wamebadilisha mipaka ya njia kwa sababu ya dhoruba, na sasa vyombo viliweza kupita katika eneo ambalo awali lilizuiwa. Mabaharia walitazama kwenye skrini kwa kiwango cha jumla wakaona maeneo ya kina cha takriban mita 40. Giza lilipoingia, mashua ikapanda kwa kasi kubwa juu ya Cargados Carajos, safu ya matumbawe iliyo kilomita 430 hivi kaskazini-mashariki mwa Mauritius. Wote tisa waliokolewa.

Mwamba huo una urefu wa makumi ya kilomita na umejulikana kwa mabaharia kwa karne nyingi. Ulikuwamo kwenye ramani yao. Ulionekana waziwazi, lakini kwa yule tu aliyeikuza ramani kwa hatua za kutosha. Ripoti ya uchunguzi iliyotolewa Machi 2015 iligusa pande zote mbili: ramani za kielektroniki ziliionyesha hatari hiyo kwa upungufu katika viwango vya jumla, na mabaharia hawakuzitumia kama inavyopasa. GPS yao haikukosea. Walijua walipo karibu kwa mita. Kilichowaponza ni kutoona kilichopo.

Ipo pia ajali ya upande wa pili. Tarehe 10 Juni 1995 meli ya abiria Royal Majesty, ikitoka Bermuda kwenda Boston, ilipanda fungu la mchanga karibu na kisiwa cha Nantucket, ikiwa nje ya njia yake kwa maili 17. Waya wa antena ya GPS ulikuwa umechomoka muda mfupi baada ya kuondoka bandarini. Kwa zaidi ya saa 30 kifaa kilikadiria mahali kwa dira na kasi peke yake, na hakuna aliyelinganisha jibu lake na chanzo kingine.

Anayenunua afanyeje?

Historia hii inapanga mambo ya kununua kwa utaratibu ulio kinyume na wa dukani. Cha kwanza ni ramani. Kabla ya kuchagua mashine, uliza ni ramani ipi inayoionyesha vizuri zaidi pwani unayosafiri, kwa kuwa mashine nyingi hukubali kadi za kampuni fulani tu, na ukishanunua mashine umeshachagua na ramani. Omba uonyeshwe mlango unaoujua wewe, kama ni Kilifi, Mkoani au Pangani, ukaulinganishe na unachokijua kwa macho yako.

Cha pili ni umri na ubora wa upimaji. Ramani rasmi za kielektroniki hubeba daraja la imani kwa kila eneo. Daraja la juu kabisa, A1, lina maana ya mahali kujulikana ndani ya mita tano. Daraja C ni mita 500, na D ni mbaya zaidi ya hapo. Mwenye boti akiwa ndani ya eneo la C hana sababu ya kupita mita 50 kutoka kwenye mwamba eti kwa kuwa skrini inaonyesha nafasi.

Cha tatu ni masahihisho. Maboya huhamishwa, na mafungu ya mchanga kwenye milango ya mito kama Rufiji na Sabaki hayatulii. Hesabu gharama ya masahihisho ya kila mwaka pamoja na bei ya kifaa. Kumbuka pia kwamba kina kwenye ramani hupimwa kutoka maji ya chini kabisa. Katika pwani yetu, ambako tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua inaweza kukaribia mita nne, mwamba uliopita juu yake asubuhi unaweza kukungoja mchana.

Baada ya hayo ndipo uje kwenye skrini: isomeke kwenye jua kali, ihimili maji ya chumvi, na iwe na vitufe, maana skrini ya kugusa husumbua vidole vikiwa vimelowa. Asiye na fedha nyingi anaweza kuanza na OpenCPN, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2009, kwenye kompyuta ya kawaida. Chochote utakachochagua, weka chanzo cha pili kisichotegemea umeme uleule: kipokezi cha mkononi, dira na ramani ya karatasi. Mwezi Juni 2017 meli zisizopungua 20 katika Bahari Nyeusi zilijikuta vifaa vyao vikisema ziko kwenye uwanja wa ndege wa nchi kavu, kwa sababu kuna aliyekuwa akitangaza mawimbi bandia.

Hadi leo ni kama robo tu ya sakafu ya bahari duniani iliyopimwa kwa vyombo vya kisasa. Nchi zetu za pwani zina wajibu wa kupima maji yao kama zinavyopima barabara zao, na wenye boti, wavuvi na waendesha watalii wana haki ya kuudai upimaji huo kwa sauti moja. Hakuna skrini itakayouziba upungufu huo, hata iwe ghali vipi. Fedha zako za kwanza ziende kwenye ramani iliyo bora, za pili kwenye kifaa cha akiba, na zitakazobaki kwenye ukubwa wa skrini.