Mtoto Aliyepewa Jina Kabla ya Mzazi: Historia ya Chachu ya Misitu ya Patagonia

Miongoni mwa majina ya kitaalamu ya chachu limo neno moja la Kiswahili. Mwaka 1893 Mjerumani Paul Lindner alichunguza, mjini Berlin, pombe ya nafaka iliyotoka Afrika ya Mashariki. Aliikuta humo chachu isiyozaa kwa kutoa chipukizi kama nyingine, bali kwa kujikata katikati. Akaiita *Schizosaccharomyces pombe*. Msomaji wa jarida hili atafurahi kuona lugha yake imeingia katika orodha ya Kilatini. Lakini jina hilo latuonyesha pia desturi ya wataalamu wa karne ya 19. Walitafuta chachu ndani ya vyungu na mapipa ya binadamu, wakaibatiza kwa kinywaji walichoikutia. Mwituni hawakwenda, ila kwa nadra. Makala haya yataka kueleza jinsi desturi hiyo ilivyowapoteza kwa zaidi ya miaka mia moja, na jinsi miti ilivyowarudisha njiani.

Yafaa kwanza kutenganisha maneno mawili. Hamira, neno tulilolipata kwa Waarabu, kwa wengi ni ile punje au unga unaonunuliwa dukani. Chachu ni neno la Kibantu, lenye kuchukua maana yake katika kitenzi kuchacha. Lataja kazi yenyewe, nayo hufanyika hata pale pasipo na duka wala mpishi. Hapa tunazungumzia chachu.

Bia ya laga, iliyo nyepesi na kung'aa, ilikuzwa Bavaria, ambako watu waliichachusha katika baridi. Mwaka 1553 mtawala Albrecht wa Tano alipiga marufuku kupika bia toka tarehe 23 Aprili hadi 29 Septemba, na hivyo kazi yote ikabaki kwa miezi ya baridi. Chachu iliyovumilia hali hiyo ndiyo iliyodumu. Mwaka 1883 Emil Christian Hansen, katika maabara ya Carlsberg huko Copenhagen, alifaulu kuitenga chembe moja na kuiotesha peke yake, bila mchanganyiko. Mwaka 1908 akaiita *Saccharomyces carlsbergensis*. Lakini Max Reess alikwisha kutoa jina *Saccharomyces pastorianus* mwaka 1870, kwa heshima ya Pasteur, na kwa kuwa sheria ya majina humpa haki aliyetangulia, jina hilo ndilo lililotawala. Kisha, mwaka 1895, Mwitalia Saccardo akatoa jina *Saccharomyces bayanus* kwa chachu iliyopatikana katika bia iliyoharibika.

Majina yote hayo yalisimama juu ya dalili za nje: umbo la chembe chini ya hadubini, namna ya mbegu zake, na aina za sukari inazokula. Dalili hizo zilifaa kiwandani. Kwa kutambua ukoo zilikuwa dhaifu, kwani ndugu wawili waweza kuhitilafiana katika chakula na wageni wawili wakafanana. Mwanasayansi Mrusi Naumov alishika njia nyingine, ile ya kuwaoza: chachu mbili zikipandikizwa na mzao wao akakosa mbegu zenye uhai, basi ni spishi mbili. Mwaka 1985 Vaughan-Martini na Kurtzman walilinganisha DNA, wakaona kwamba chachu ya laga ina undugu na pande mbili. Ni chotara. Mzazi mmoja alifahamika: *Saccharomyces cerevisiae*, chachu ya mkate na ya bia nyingine nyingi. Wa pili alidhaniwa kuwa *bayanus*, lakini hesabu haikukubali vizuri, na kila aliyeichunguza *bayanus* aliikuta nayo ina mchanganyiko ndani yake.

Jawabu lilitoka kwenye magome. José Paulo Sampaio na Paula Gonçalves, wa Ureno, walikuwa wakitia vipande vya gome la mwaloni katika maji yenye sukari na kileo kidogo, ili vijidudu vingine vife na chachu ibaki. Chupa moja waliiweka penye joto, nyingine penye baridi ya digrii 10. Baridi ilifichua wakazi ambao joto lilikuwa likiwaficha. Huko Patagonia, upande wa Argentina, Diego Libkind wa Bariloche alichunguza miti ya jamii ya *Nothofagus*. Miti hiyo huota vinundu, na juu yake hutokea kuvu ya mviringo iitwayo *Cyttaria*, yenye sukari nyingi. Darwin, alipopita Tierra del Fuego katika miaka ya 1830, aliwaona wenyeji wakiila mbichi. Kumbe walikuwako walaji wengine wasioonekana kwa macho.

Chachu mbili zilipatikana humo. Moja ilikuwa *Saccharomyces uvarum*, iliyojulikana tayari. Ya pili haikuwa na jina. Jenomu yake iliposomwa, ilifanana kwa kiasi cha asilimia 99.5 na ile nusu isiyojulikana ya chachu ya laga. Mwaka 2011 Libkind na wenzake waliitangaza kwa jina *Saccharomyces eubayanus*, yaani *bayanus* wa kweli. Na yule *bayanus* wa 1895? Alionekana kuwa chotara wa mapipani, mwenye damu ya *uvarum*, *eubayanus* na *cerevisiae*. Basi kwa miaka 116 mzao wa kiwandani alibeba jina la ukoo, na mzazi wake alikaa msituni bila jina. Hata leo baadhi ya chachu za divai huuzwa kwa jina la *bayanus*, ilhali zikipimwa huwa ni *cerevisiae* tupu. Biashara haina haraka ya kusahihisha kamusi.

Swali la njia lilibaki. Laga ilikwisha kuchachuka Bavaria kabla meli ya Magellan haijaiona Patagonia mwaka 1520. Je, chachu ilipandaje Ulaya? Mimi sikuridhika kamwe na hadithi ya ubao uliosafiri melini. Mwaka 2014 watafiti wa China walieleza *eubayanus* za Tibet zilizokaribiana zaidi na ile ya laga, na safari ya nchi kavu ikawa rahisi kufikirika. Wakati huohuo msitu ukaingia sokoni: mwaka 2016 Heineken ilitoa bia ya H41, iliyochachushwa kwa chachu ya Patagonia. Itifaki ya Nagoya ya 2010, iliyoanza kutumika 2014, huzungumzia haki ya nchi juu ya mali ya namna hiyo. Sisi wenye misitu ya Kongo, ambayo magome yake hayajachunguzwa kwa bidii kama hiyo, tuna sababu ya kuisoma kwa makini.

Ulaya yenyewe ilikaa bila ushahidi hadi 2022. Mwaka huo ilitangazwa kwamba *eubayanus* imepatikana Ireland, katika udongo wa viwanja vya chuo kikuu mjini Dublin. Waliouchota walikuwa wanafunzi.