Macheo ya Mwaka: Istilahi ya Majira Yanayosubiriwa

Istilahi "majira ya kuchipua", ambayo kamusi na vitabu vya jiografia vimekuwa vikirithishana kuwa jina la majira yanayofuata baridi kali katika nchi zilizo mbali na ikweta, ina kasoro isiyoonekana mpaka mfasiri akutane na maandishi ya watu wanaoyasubiri majira hayo. Katika mahubiri ya Kwaresima yaliyoandikwa Ulaya, kwa mfano, kinachozungumzwa si jani lililokwisha kutoka, bali ni zile wiki ambazo theluji bado iko mlangoni, miti imesimama mitupu, na muumini hana cha kushika ila tumaini. Hapo "kuchipua" humwacha mfasiri njiani, kwa kuwa hutaja matokeo na kuusahau ungojeaji.

Lipo kosa kubwa zaidi, nalo ni "masika". Masika ni mvua ndefu za Machi hadi Mei, na anayelitumia neno hilo kwa majira ya Ulaya huegemea sadfa ya kalenda tu, sadfa inayovunjika mara mtu anapofika Afrika Kusini, ambako majira hayohayo huanza Septemba. Wafasiri wa Biblia walioziita mvua mbili za Kanaani masika na vuli hawana lawama, kwa sababu walikuwa wakitafsiri mvua. Wa kulaumiwa ni waliowafuata bila kuuliza. Zaidi ya hayo, masika hukosekana, kama yalivyokosekana kaskazini mwa Kenya mwaka 2022 katikati ya ukame uliokuwa umeanza mwishoni mwa 2020, na kwa hiyo mkulima anayeyangoja hutumaini huku akiogopa. Majira ya kaskazini hayana mwaka wa kukosekana, kwani chanzo chake ni mwinamo wa mhimili wa dunia, wa takriban nyuzi 23.4, ambao haujui ukame. Yanaweza kuchelewa kwa baridi iliyong'ang'ania, lakini hayana budi kuja. Kungoja kwa namna hiyo kunaitwa imani, na kunafanana na kungoja kwa mtu aliye macho usiku wa manane, ambaye haulizi kama kutakucha, huuliza saa.

Kwa msingi huo, makala haya yanatetea istilahi "macheo ya mwaka". Macheo, yaani mawio ya jua, ni nomino itokanayo na kitenzi -cha chenye maana ya kupambazuka, kitenzi kikongwe cha Kibantu ambacho Kiganda kinacho katika kukya na Kinyarwanda katika gucya. Katika Kiswahili kimezaa familia nzima: kumekucha, usiku kucha, na, kwa maoni ya baadhi ya wanakamusi, kesha na kesho pia. Ikiwa maoni hayo ni sahihi, basi mkesha wa Pasaka na macheo yanayoufuata ni mtu na nduguye: mmoja ni kungoja, mwingine ni kufika. Hakuna tafsiri nyingine inayobeba mambo hayo mawili katika shina moja. Aidha, jina hili huja na mwenzake bila kusumbua mtu, kwani majira ya majani kupukutika yatakuwa "machweo ya mwaka", kutokana na -chwa.

Lugha nyingine zinalishuhudia wazo hili. Kifaransa husema printemps, yaani wakati wa kwanza, na Kijerumani Frühling, kutokana na neno la umapema. Kiingereza, ambacho kamati zetu zimekinakili kwa utii, kilipata jina lake la sasa katika kitenzi cha kuruka na kububujika, lakini jina lake la kale lilikuwa lencten, linalohusishwa na kurefuka kwa siku, na ndilo lililobaki hadi leo kuwa jina la mfungo ambao Waswahili, kwa kupitia Kireno na Kilatini, huuita Kwaresima. Kwa maneno mengine, wazee wa lugha hiyo waliangalia nuru kabla ya kuangalia jani. Mapwani nako majina ya kuazima yalikuwepo, ila yalihama: Nairuzi, ambayo kwa Waajemi ni siku mpya ya mwezi Machi, huadhimishwa Makunduchi mwezi Julai, kwa sababu mwaka wake wa siku 365 haukuongezewa siku ya mwaka mrefu, na rabii ya Waarabu ilinasa katika miezi miwili ya kalenda ya mwezi mwandamo, ikazunguka nayo mwaka mzima.

Pendekezo hili liliwahi kufikishwa mbele ya kamati moja isiyo na haja ya kutajwa, likarudi limepigwa mstari, na pembeni limeandikwa neno moja, "ushairi", kana kwamba jua kuchwa ni msemo uliobuniwa na wanahisabati. Msomi mwingine, mwenye jina kubwa kuliko subira yake, alipendekeza "mchipuo", asikumbuke kwamba shule za Tanzania zimekwisha kulitwaa neno hilo kwa mikondo ya masomo, hata msomaji akiambiwa kwamba ndege hurudi wakati wa mchipuo atauliza kama ni wa sayansi au wa biashara. Hoja ya ushairi, kwa kweli, hujibiwa na falaki. Huko Tromsø, kaskazini mwa Norwei, jua halichomozi tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Na katika Ncha ya Kaskazini yenyewe huchomoza mara moja tu kwa mwaka, karibu na Machi 20, siku ambayo mahali pengine mchana na usiku hulingana, kisha halitui mpaka Septemba. Mahali hapo macheo ya mwaka si tamathali ya usemi. Wala Ncha ya Kusini haiuvunji mfano huo, kwani huko nako jua huchomoza Septemba, majira yanapoanza upande huo.

Kuhusu matumizi, inatosha kusema kwamba "ya mwaka" isidondoshwe pale ambapo msomaji anaweza kudhani ni mawio ya kila siku. Wahariri wanaombwa wasilifute jina hili wanapolikuta katika muswada. Na wakishindwa kujizuia, basi angalau wasiweke masika mahali pake.